Mimba Niliyoipunguzia Mwezi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani. Mpaka leo nikisikia ngurumo upande wa ziwani naacha kila kitu nakimbilia ndani. Umeniona mara nyingi. Juzi tu ulinicheka mbele ya wenzako, ukasema, "Mama, hata mvua unaiogopa? Kwani utayeyuka?" Nikacheka na mimi. Sikukujibu, maana haya si maneno ya kusema mbele za watu. Leo tuko wawili. Vuta hicho kigoda ukae. Maharage yaache, hayataungua. Kaa, nimesema. Wewe ni mke wa Deo wangu, basi ni mwanangu, na mwanangu nikimwambia kaa anakaa.

Nilikuja hapa Ikola nikiwa binti wa kijiji cha Sibwesa, mtoto wa wakulima wa mahindi, hata kuogelea sijui. Ilikuwa miaka ya sabini, watu ndiyo kwanza wamekusanywa vijijini, sukari ya kutafuta kwa tochi. Aliyenioa ni Pius, baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza kuliona ziwa nilimshika shati kwa nyuma nikamwambia, mimi huko siingii hata uniue. Pius alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake, Mama Leonsia, hakucheka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Ziwani asiingie. Huyu ataanika dagaa. Mtoto wa mkulima anajua kuinama."

Na kweli niliinama. Kazi yenyewe unaijua, haijabadilika sana. Wanaume wanavua usiku na karabai zao, asubuhi wanashusha dagaa, sisi wanawake tunawamwaga mchangani, tunawageuza jua likipanda, jioni tunawaanua. Siku ambazo mwezi hauonekani tunaziita giza, na giza ni kazi tupu, kila siku inayokuja. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, hapo ni mbalamwezi. Wanaume wanashona nyavu, wengine wanalewa, na wanawake wananyoosha migongo. Basi hapa kwetu kila kitu kilipangwa hivyo. Harusi ni mbalamwezi, kwenda kumwona mgonjwa ni mbalamwezi. Hata mimba wanawake wa hapa walizihesabu hivyohivyo, utasikia, "Fulani amebakiza giza mbili." Na mwenye mimba kubwa aliacha kazi mbalamwezi, wakati wenzake wote wamekaa, ili asionekane. Ukiacha katikati ya giza, ufuko mzima unajua kwamba siku zako zimefika.

Hilo la kujulikana ndilo lililonitisha mimi kuliko kitu chochote. Usicheke, nakueleza kwa nini. Dada yangu Tekla alipokuwa mjamzito alimwambia kila mtu mwezi wake. Kisimani alisema, kanisani alisema, alikuwa na furaha tu maskini. Mtoto alizaliwa hapumui. Mimi ndiye niliyepewa nimshike wakati wanamhudumia dada, nikaishika ile miguu midogo, ya baridi, na nilikuwa msichana tu ambaye hata hajavunja ungo. Watu wakasema Tekla alitazamwa vibaya. Kwa hiyo nilipoolewa, mama yangu alinivuta pembeni siku ya kuondoka akaniambia, "Ukishika mimba, mwezi wako usiutaje. Punguza mmoja. Hata ukweni." Nikalibeba neno lile mpaka hapa, na woga wake wote.

Na hapa ufukweni alikuwepo Shangazi Sofia. Hukumkuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, hana mtoto, hana mume, anaanika dagaa wake peke yake kule mwisho wa mchanga. Mwanamke yeyote akianza kutokeza tumbo, Shangazi Sofia atamfuata. "Wa ngapi huo? Utajifungua lini? Miguu inavimba?" Hakuwa na salamu nyingine. Wanawake walijifunika kanga wakimwona anakuja. Mimi nilikuwa nikisikia sauti yake tu, nageuza njia.

Ujauzito ukaja, nikapunguza mwezi. Nilimwambia Pius uongo, nikamwambia Mama Leonsia uongo. Wa tano nilisema wa nne. Ilikuwa rahisi, kwa sababu mwanzoni tumbo langu lilikuwa dogo. Mama Leonsia akafurahi, akaanza kunipa vichwa vya samaki wakubwa, anasimama hapohapo mpaka nimalize.

Sasa siku moja akaja mama wa kliniki, wale waliokuwa wanapita vijijini mara mojamoja. Akanilaza kwenye benchi la shule, akanipapasa. Mama Leonsia amesimama pale miguuni kwangu. Yule mama wa kliniki akapapasa tena, akasema, "Mtoto huyu amekaa. Kichwa kiko juu, makalio chini. Anaweza kugeuka, lakini asipogeuka huyu si wa kuzalia nyumbani. Una miezi mingapi?"

Mwanangu, Mungu alinipa nafasi pale. Nilikuwa ninaingia wa tisa. Nikaangalia dirishani, nikaona wanawake wamejaa wanasubiri zamu yao, na Shangazi Sofia naye yupo, hana mimba lakini yupo. Nikasema, "Wa nane."

"Basi acha kazi nzito mapema," akasema, "na kabla siku hazijafika uende ukakae karibu na hospitali."

Hospitali ilikuwa ya misheni, kusini huko, na njia yake ni ziwa. Barabara ya wakati ule ilikuwa jina tu, masika hata baiskeli haipiti. Mama Leonsia alipiga hesabu zake njiani tukirudi. "Giza hili utafanya kazi nyepesi tu, kugeuza geuza. Mbalamwezi ikiingia, Pius na wenzake hawavui, watakupeleka kwa mtumbwi taratibu ziwa likiwa limetulia. Mimi nitakwenda na wewe, tutakaa huko mpaka ujifungue." Alishaweka unga pembeni. Alishaosha hata kanga za kumpokelea mtoto. Mpango mzuri kabisa, na wote aliusimamisha juu ya uongo wangu.

Giza lile lilikuwa refu, mama wee! Kila asubuhi niliamka nikishika tumbo, nasubiri acheze. Akicheza nashukuru, akinyamaza jasho linanitoka. Miguu ilijaa mpaka ndala zikagoma. Nilijua siku zangu zimekaribia, na nilijua mbalamwezi bado. Mara kumi nilifungua mdomo nimwambie Mama Leonsia, mara kumi nikaufunga. Nikisema ukweli, ataniweka ndani katikati ya giza, watu wataona nafasi yangu mchangani iko tupu, watajua. Na nikiendelea? Na mtoto amekaa vilevile, kichwa chake nakisikia hapa chini ya mbavu, kigumu. Ningegeukia wapi? Niliogopa kukaa na niliogopa kusimama.

Mama Leonsia hakuwa mjinga. "Tumbo lako limeshuka," aliniambia.

"Ni kanga, Mama. Nimefunga vibaya."

"Umechoka. Kaa leo."

"Sijachoka, Mama. Nikikaa ndiyo mgongo unauma."

Akaniacha na beseni langu. Aliniamini, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma.

Asubuhi yenyewe ninayokuambia, dagaa walikuwa wengi ajabu. Mchanga wote umekuwa mweupe, huoni pa kukanyaga. Jua likapanda vizuri, tukageuza, halafu ghafla upepo ukabadilika, na kule kwenye milima ya Kongo kukawa kweusi. Unajua mvua ya ziwa inavyokuja, haipigi hodi. Wanawake wakapiga kelele, "Anueni! Anueni!" Kila mtu anakimbia na beseni lake. Dagaa wakilowa ndiyo basi, wananuka, kazi ya nyumba nzima imeharibika. Mama Leonsia alikuwa amepanda nyumbani kuchukua maturubai. Mimi nikainama. Nakusanya, najaza beseni, nanyanyua, napeleka chini ya banda, narudi. Hakuna aliyenituma. Kila mtu alikuwa akiangalia dagaa wake.

Mvua ikatufikia. Nikiwa nimenyanyua beseni, nikasikia kitu kimeachia ndani yangu, na maji ya uvuguvugu yakateremka mapajani. Mvua ilikuwa ya baridi, mwanangu, na maji yale yalikuwa ya moto. Nikajua. Nilisimama pale na beseni kichwani, nikajiambia, ni mvua tu. Haki ya Mungu nilijiambia hivyo. Nikapeleka beseni bandani, nikarudi kuchukua jingine, uchungu ukanishika kiunoni, nikauma meno, nikainama tena. Niliogopa hata kulia, nisije nikaangaliwa.

Mkono ukanishika bega. Mkono mkavu, wenye nguvu. Nikageuka, ni Shangazi Sofia. Dagaa wake kule mwisho wanalowa wote, hata hawatazami. Ananitazama miguu.

"Chupa imepasuka," akasema.

"Ni mvua, Shangazi. Niache."

"Si mvua." Akaninyang'anya beseni, akalitupa. Dagaa wakamwagika kwenye maji. Kisha akapaza sauti yake ile niliyokuwa ninaiogopa, akaita mpaka huko juu kwenye nyumba, "Leonsia! Leonsia wee! Mwanao!"

Ufuko mzima ukageuka. Lile jambo nililolikimbia miezi yote likatokea mbele ya watu wote, mchana kweupe. Na unajua waliniangalia vipi? Wale wanawake waliacha dagaa wao, wakaja wakanizunguka na kanga zao zilizolowa ili nisionekane.

Mama Leonsia alikuja anakimbia, turubai linaburuta nyuma. Akapiga magoti mchangani, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Mwezi wako wa ngapi? Sasa niambie wa kweli."

"Wa tisa, Mama. Unaisha."

Akaniachia mashavu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa watu."

"Na mimi ni watu?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga. Aliuliza tu, huku maji ya mvua yanamtiririka usoni.

Pius aliamshwa, wenzake wakaamshwa, walikuwa wamelala baada ya kuvua. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga mpaka kwenye banda. Wanaume wakaanza kubishana, mmoja anasema tutazama wote, mwingine anasema tungoje. Mama Leonsia akawaambia, "Mtoto amekaa. Nyie ngojeni, yeye hangoji." Tukangoja hata hivyo, ilibidi, na kila uchungu ulipokuja niliona miguu ile ya mtoto wa Tekla. Upepo ulipopungua kidogo wakausukuma mtumbwi. Mimi niliyesema huko siingii hata uniue, nilibebwa nikawekwa ndani, nimeshikilia mbao pande zote mbili, nimefumba macho.

Shangazi Sofia aliingia mtumbwini bila kuulizwa. Akachukua kopo, akawa anachota maji yanayoingia na kuyamwaga nje, bila kupumzika. Nilikuwa nimelala miguuni kwake. Kwa uchungu na woga nikamwuliza jambo ambalo nisingemwuliza kwa akili zangu. "Shangazi, kwa nini unatuuliza miezi kila siku?"

Hakuacha kuchota. Akasema, "Wangu wawili walizaliwa palepale mchangani, naanua dagaa. Wote wawili hawakulia. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Mwanangu, nililia kuliko nilivyolia kwa uchungu wenyewe.

Tulifika. Sista aliyenipokea alinipapasa mara moja tu, uso wake ukabadilika, nikasikia anaita wenzake. Sitakueleza yote, wewe mwenyewe uko katika hali hiyo, sitaki uote ndoto mbaya. Mtoto alitoka miguu kwanza. Kichwa kikabaki, na mkono mmoja umepanda juu umekwama, wakauvuta maana hakukuwa na njia nyingine, na muda haukuwepo. Alipotoka alikuwa wa bluu. Nikamsikia Mama Leonsia anasali nje ya mlango, "Alie, Mungu wangu, alie tu." Wakampiga makalio, wakamfuta pua, wakampulizia mdomoni. Kimya. Nilinyoosha mkono nikashika mguu wake, na ulikuwa wa baridi, kama ule wa mtoto wa Tekla. Nikasema moyoni, basi, nimemwua mwenyewe, hakuna mtu aliyemtazama vibaya.

Halafu akakohoa. Akalia, kidogo, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Huyo ndiye mume wako. Unaujua mkono wake wa kushoto usionyanyuka kupita bega. Unajua kwa nini Deo anatengeneza karabai na mashine za wenzake wakati wanaume wote wa rika lake wanapiga makasia. Watu wa hapa wanadhani alianguka utotoni, nawe labda ulidhani hivyo. Yeye mwenyewe anajua, nilimweleza alipoanza kuota ndevu. Alinijibu, "Mama, mmoja unatosha kukukumbatia." Alinikumbatia kweli. Lakini kila nikimwona anavaa shati, anaanza na mkono ule mbovu anausukuma kwa ule mzima, nageuka upande mwingine.

Sasa nisikilize. Sikuambii kwamba kuogopa ni ujinga. Mjamzito ana haki ya kuogopa, na kama hutaki ufuko wote ujue mwezi wako, usiwaambie, tumbo ni lako. Lakini awepo mtu mmoja anayejua ukweli. Mmoja tu, mwenye miguu ya kukimbia na mdomo wa kukukemea, anayeweza kukwambia leo weka beseni chini na ukaweka. Maana ukishauficha mwezi kwa kila mtu, hata wale wanaokupenda wanakupangia mambo kwa hesabu ya uongo, na unga wao wanauweka kwa siku isiyo yako. Na kuacha kazi, mwanangu, usingoje giza liishe. Usingoje wenzako wakae ndipo nawe ukae. Kazi haitakuja siku moja kukwambia sasa pumzika, dagaa wataletwa kesho na keshokutwa, na wewe utakuwa bado umeinama. Miguu ikijaa, kichwa kikigonga, tumbo likishuka, unaacha siku hiyohiyo, hata kama ni katikati ya kazi, hata kama mvua inakuja. Dagaa walowe. Mimi nimeona dagaa wengi wakilowa maishani mwangu na sijamkumbuka hata mmoja.

Mwezi uliopita ulisema wa sita. Jana nimesikia unamwambia jirani wa saba. Lakini nimekutazama ukianua jana jioni, ulivyoshika kiuno, ulivyoweka beseni chini mara mbili kabla ya kufika bandani. Mimi nimezaa sita, na nimetazama matumbo ya ufuko huu tangu Shangazi Sofia alipotuachia ile kazi yake. Labda na wewe mama yako alikuvuta pembeni siku ya kuondoka. Simlaumu, alikupenda. Lakini mimi siyo watu. Mlango nimeufunga. Sogea hapa, niambie sikioni, wa ngapi?

Ee.

Nilijua. Usilie, mwanangu, hujakosea kitu, bado tuna siku. Beseni lako kuanzia leo ni la kwangu. Deo atakwenda jioni kuongea na mwenye boti, na mimi nitafunga mzigo wangu pamoja na wako. Mungu akufungue salama, mikono ya watu ikiwa tayari na ziwa likiwa limelala. Akupe mtoto anayelia palepale anapotoka, kwa sauti kubwa, nami niwe nje ya mlango nikimsikia.